Aliyefunga Kidhibiti Ni Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo ndani ya jalada. Kazini anaitwa Mama Spana.
Umri: miaka 38
Kazi: fundi wa injini na umeme wa magari
Makazi: nyumba ya mama yake mzazi, nyuma ya gereji
Yameandikwa: tarehe 16 mwezi wa tatu, saa 4:05 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Kaka yangu mkubwa yuko mahabusu tangu jana. Anadaiwa kufunga vibaya kifaa kwenye gari la mfamasia, likagonga ukuta na mwenyewe akavunjika mguu. Kaka hakukigusa kifaa hicho. Nataka hilo liandikwe kabla ya jingine lolote.

Gereji ni ya kwetu sote wawili, alituachia baba. Kaka ni fundi wa bodi, ananyoosha bati na kupiga rangi, na kwa kazi hiyo simjui mwenzake. Lakini mfungulie boneti, atakutafutia maji ya wipa. Injini zote pale nafungua mimi, nafunga mimi. Miaka kumi na moja iliyopita mteja mmoja alisikia kwamba gari lake limefungwa na mwanamke, akalivuta kwa kamba kulipeleka kwingine. Tangu siku hiyo kaka akaniambia, "Wewe funga, mimi nitasaini. Gari haliulizi." Nilikubali. Kila karatasi ya kazi, pale palipoandikwa "fundi aliyefanya kazi", ina saini yake.

Mnamo tarehe 14, saa 3:20 asubuhi, mfamasia alileta gari lake lenye turbo pamoja na boksi lenye kidhibiti cha elektroniki cha presha. Kina kioo kidogo cha kuweka karibu na usukani, na vali ya kuweka chini ya boneti. Dereva anabonyeza kiwango anachotaka, vali inatii. Afande ameniomba nieleze kama kwa mtu asiyejua gari. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwa presha ndani ya injini, nayo ina mlango mdogo. Presha ikifika kiwango, vali inaupelekea mlango ule hewa kupitia mpira, unafunguka, na moshi wa ziada unapita pembeni. Mlango usipofunguka, presha inapanda tu mpaka injini ipasuke.

Nilimaliza saa 8:30 mchana. Tulilijaribu barabarani, kaka akiendesha, mimi nimekodolea macho kioo kile. Presha ilisimama palepale nilipoipangia. Tulirudi nikiwa na furaha, sifichi.

Nilipogusa vali niliona ni ya moto mno. Nilikuwa nimeiweka jirani na bomba la moshi. Saa 9:15 niliichomoa niihamishie upande wa betri, na ili ikae vizuri ikabidi niigeuze juu chini. Nina desturi yangu: kila tundu na mpira wake naviwekea nukta ya rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Kaka hunitania kwamba injini zangu zinakwenda harusini. Siku hiyo niliifuta vali kwa thina yake ya kuchanganyia rangi, na nukta zangu zikatoka pamoja na grisi. Nilikuwa naitafuta chupa nizipake upya, mfamasia akaingia.

Aliniambia, "Dada, niitie fundi aliyefunga."

Nilikuwa mweusi wa grisi mpaka kwenye viwiko, spana mkononi. Nilimjibu, "Unaongea naye."

Alicheka. Akasema, "Haya, basi niitie kaka yako."

Damu ilinichemka. Miaka kumi na moja nimemeza, siku hiyo haikumezeka. Niliacha kutafuta chupa. Nilichomeka mipira kwa mazoea ya mkono, kana kwamba vali haijageuzwa. Mpira wa mlango mdogo ukaingia kwenye tundu la kutolea hewa, ambalo huachwa wazi. Kaka akaniuliza, "Tukalijaribu tena?" Nikamwambia, "Halina haja. Mpe ufunguo aende zake." Hayo ni maneno yangu, na sauti ilikuwa kali. Kaka akasaini, akatoa ufunguo.

Saa 11:10 jioni, kwenye mlima wa tangi la maji, injini ilipasuka. Mafuta yalimwagika chini ya matairi, gari likateleza hadi ukutani.

Jana saa 2 asubuhi askari walikuja na ile karatasi na kumchukua kaka. Niliwafuata. Gari liko hapo nyuma ya kituo, na niliruhusiwa kulitazama. Niliona mpira ulipo, kwenye tundu la kutolea hewa. Niliomba kuonana na kaka, tukaongea kwenye nondo.

Nilimwambia, "Kaka, nimegeuza vali nikasahau. Kosa ni langu."

Akasema, "Nyamaza. Saini ya nani ile?"

"Yako. Lakini mkono ni wangu."

"Mdogo wangu, una mtoto wa shule na mama anakutegemea. Nenda nyumbani."

Nilikwenda, na sikupata usingizi. Nilimkasirikia kaka kuliko nilivyomkasirikia mfamasia. Kazi nzuri za miaka kumi na moja zimeandikwa kwake na sikudai hata moja. Hii mbaya ni yangu na naidai. Sitarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba mwanawe amefungwa kwa sababu mimi nilinuna. Namwomba radhi mfamasia kwa mguu wake. Alinidharau, lakini gari bovu nilimpa mimi.

Kama afande ana shaka, achukue vali ile ampelekee kaka, amuulize mpira upi unaingia wapi.

Nimesomewa yote niliyoyasema, hayana chumvi wala pengo. Nasaini mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Nilimwonya shahidi kwamba maneno haya yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Alijibu, "Ndiyo maana nimekuja." Aliomba sahihi yake ikae juu ya maneno "fundi aliyefanya kazi", nami nikayaandika. Saa 5:30 asubuhi nilimwonyesha mtuhumiwa aliyeko mahabusu vali hiyo na kumuuliza mpira upi unaingia tundu lipi. Aliigeuza mara kadhaa mkononi. Nilipomwambia kwamba mdogo wake yuko nje na amekwisha saini, aliinamisha kichwa, akanirudishia vali na kusema: "Muulizeni yeye. Fundi ni yeye."