Sifuri ya Kinamasi

12 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na miguu je? Mimi mzima, ila kazi inanimaliza. Ofisini tunatengeneza hesabu ya kompyuta ya kumsaidia waziri kuamua kama kinamasi cha kwetu kiachwe au kikaushwe kilimwe miwa. Upande wa miwa una takwimu tele. Upande wa kinamasi tunataka ionekane kinawapa watu nini: maji ya visima, samaki, mafunjo ya mikeka. Ndiyo maana wahesabuji walipita huko na fomu mwezi uliopita. Lisiloandikwa kwenye fomu, hesabu hailioni.

Asante kwa kutimiza ahadi ya kutoingia tena topeni kukata mafunjo. Daktari alisema miguu hiyo haitaki maji. Sasa nalala usingizi.

Bintiyo

20 Februari

Mwanangu, Bi Mahesabu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mbuzi ndiye mkorofi, amekula nusu ya barua yako, bahati nilikuwa nimeshaisoma. Miguu haina neno.

Wahesabuji wako ni vijana wenye adabu, niliwapa chai. Walikaa kwangu siku nzima, majirani wakaja kujibu hapa hapa barazani. Ondoa wasiwasi, tulijibu vizuri.

Mama yako

8 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mimi siko vizuri. Waziri ametia saini kinamasi kikaushwe. Fomu zote thelathini na nane za kijiji chetu zilisema hakuna anayeingia kinamasini, hakuna anayesuka, hakuna anayechota. Nimekulia hapo, nilipaswa kushtuka. Lakini yako ilisema umeacha, na nilitamani sana iwe kweli. Niliandika sifuri kwa mkono wangu.

Jana mkuu wangu alirudi kutoka huko kukagua mitaro ya kukaushia, akanionyesha picha. Wanawake wamesimama ukingoni na miundu, na wewe katikati, matope mpaka mapajani. Nilimwomba tusahihishe. Akaniambia, "Hesabu ilikuwa yako," na kwamba mitaro imeshachimbwa.

Nani aliwaambia mjibu vile? Laiti ningekuja kuwauliza mwenyewe, yasingetokea haya.

Bintiyo

30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, kila nikishika kalamu aibu inanishinda.

Ni mimi. Sikuacha kusuka hata wiki moja. Wale vijana walisema wametoka ofisini kwako, nikajua nikisema ukweli utakufikia, na wewe utalia. Nikawaambia hakuna anayeingia, anayesuka wala anayechota. Majirani walinisikia, hawakutaka kuniumbua, wakajibu kama mimi. Vijana walipoondoka tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisima kimekauka. Mafunjo yamebaki makavu, ukiyashika yanavunjika. Jirani yangu anatembea saa mbili kwenda mtoni, na akirudi ananimiminia nusu ya ndoo yake. Hajanilaumu hata siku moja, nami siwezi kumtazama usoni. Naumia, mwanangu, sitakuficha tena.

Lile neno lako, kwamba ungekuja mwenyewe yasingetokea, nimeliwaza sana. Usijitese nalo. Ungekuja ukaketi hapa na kalamu yako, ukaniuliza taratibu, ningekujibu hayo hayo, na mundu nimeusukumia uvunguni. Wale vijana sikuwa na haja ya kuwadanganya. Niliyekuwa namdanganya ni wewe.

Mama yako