Nilimpungia Mama Mkono

Ijumaa, Homa Bay. Mawingu mazito juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha. Mnisamehe makosa ya kuandika.

Niko hai. Naanza na hilo.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kurusha ndege peke yangu. Mwalimu wangu, Kapteni Odhiambo, alishuka, akafunga mlango, akasema, "Sasa ni wewe na Mungu, Achieng. Macho mbele." Nilitamani kumwita arudi.

Mama alikuwa amekuja kutoka Macalder na akina mama wanane wa kanisa, wote na vitambaa vyeupe kichwani. Walisimama upande wa kushoto, nje ya seng'enge. Nilimwambia asije. Lakini nani humwambia mama yangu kitu akasikia?

Nikaongeza nguvu, ndege ikaanza kukimbia. Injini ikivuma hivyo, ndege hii huvuta kushoto, na dawa yake ni mguu wa kulia kukanyaga pedali bila kulegea. Nimefundishwa hilo hadi naliota.

Kisha nikamwona mama kwa pembe ya jicho, mikono yote miwili juu. Kwetu mtu haondoki bila kumuaga mama. Tangu darasa la kwanza sijawahi kutoka bila kumuaga, hata siku tulizokosana. Nikageuka, nikampungia mkono.

Mguu ukalegea.

Nilipotazama mbele, barabara ya kurukia haikuwepo. Kulikuwa na nyasi, seng'enge na vitambaa vyeupe. Nilikuwa namwendea mama yangu na ndege.

Nikakata nguvu, nikakanyaga breki, nikapiga mayowe. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni, propela ikachimba udongo, ndege ikasimama kwa pua. Palibaki hatua kama kumi kufika kwenye seng'enge. Mafuta yalinuka. Vidole vilikataa kufungua mkanda, nikadhani nitaungua hapo hapo huku mama anatazama. Kapteni ndiye aliyenitoa.

Akauliza nini kimetokea. Mama akanitangulia, akihema: "Captain, ni upepo! Imetoka huko kwa ziwa, sisi wote tumeona." Wenzake wakaitikia, "Ni upepo!"

Nami sikuwasahihisha.

Tulipobaki wawili nyuma ya ofisi, mama alinishika mabega. "Nyathina, mwanangu, mkono yako niliona. Hata hawa wengine waliona. Tumekubaliana ni upepo."

Wanawake tisa nusura niwaue, na wote wako tayari kunidanganyia. Sijawahi kupendwa hivi, wala kuogopa hivi.

Kapteni anataka maelezo yangu kwa maandishi kesho asubuhi. Nikisema ukweli, huenda nisirushe ndege tena, na mama ataishi akijua kwamba kumtazama yeye ndiko kulikoniondoa angani. Nikisema upepo, watanirudisha angani peke yangu. Naye atakuja tena, maana hana wa kumzuia, na atainua mikono.

Nimeandika "upepo" mara mbili, nikafuta. Sasa kuna sentensi moja tu kwenye karatasi: "Nilimtazama mama, mguu ukalegea."

Mama yuko chumba cha pili, anaongea kwa simu, anawasimulia watu wa Macalder habari za upepo. Akikata simu nitaingia nimsomee yeye kwanza.

Amekata.