Igoki Amesimama kwa Nyayo Zake

Igoki, mke wangu,

Amka huko uliko, umelala vya kutosha! Umetembea! Yaani mjukuu wako, yule mwenye jina lako. Leo asubuhi ametoka mlangoni kwa Wawira hadi kwenye kinu cha jirani, akaanguka kwa matako, akatutukana kwa lugha yake ya kitoto, akasimama tena. Nimepiga kelele mpaka homgadi, yule askari anayelinda geti la kijiji, akaja mbio na bunduki, akidhani vita vimeingia Karurumo.

Ngoja nikusimulie, maana ulikufa ukatuacha katikati ya mambo. Mwanetu Njeru alipopelekwa kizuizini, mkewe Wawira alikuwa na mimba. Akazaa msichana. Unajua desturi yetu: binti wa kwanza ni mama ya baba yake. Basi ni wewe umerudi. Kila asubuhi namsalimu, "Mke wangu, umelalaje?" naye ananitemea maziwa. Hujabadilika hata kidogo.

Lakini ulirudi vibaya, mama. Nyayo zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zinatazamana kama wanawake wawili wanaosengenya. Wanawake wa kijiji wakasema ni ule mtaro tuliochimbishwa na serikali kuzunguka kijiji: eti Wawira aliinama siku nzima na mimba, na mtoto akajikunja humo ndani. Wawira alilia hata uji ukamshinda. Mimi nikajifanya dume, lakini wewe nakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunitangaza: niliogopa. Siku hizi unaambiwa uhame leo, na nyumba inachomwa leo. Mtoto asiyetembea atabebwa na nani nikifa? Na Njeru akirudi nimwambie nini?

Yule mzee wa mifupa wa Kianjokoma alizikanda kwa mafuta, akazifunga kwa vitambaa. Akifungua tu, zinarudi kusengenya. Basi nikamsumbua chifu mpaka akanipa pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka kijijini, tukashuka hospitali ya Embu. Dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda na mifupa, ni Mwislamu wa pale mjini, sauti yake kama ya mnadani. "Mzee, si mtaro wala si laana. Hata watoto wa Wazungu huzaliwa hivi." Akasema tukingoja akue, itakuwa kazi ya kisu. Sasa mifupa yake bado ni fito mbichi: unaipinda kidogo, unaifunga plasta, wiki ijayo unaifungua, unaipinda kidogo tena. Nikasema leta plasta! Nani atamkata mke wangu nikitazama?

Basi kila wiki pasi, kila wiki mguu njiani, Wawira na mtoto mgongoni, mimi nyuma nikilalamika. Na miguu ikanyooka, Igoki! Nikacheza pale kwenye benchi mpaka wagonjwa wakanicheka.

Dresa akatupa vijiatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kulalia, nyayo zisirudi zilikotoka. Hapo ndipo alipofika dada yako Marigu. "Shemeji, mtoto alale na viatu? Amekuwa homgadi? Anamlinda nani?" Kila jioni, Wawira akienda mtoni, Marigu anavivua, anamfunika mtoto miguu, anavificha chini ya kitanda, na asubuhi anamvisha tena kabla hatujaamka. Mpaka tugundue, nyayo zilikuwa zimeanza kutazamana. Dresa alinifokea mimi, si Marigu! Plasta ikaanza upya. Nikamwambia shemeji, "Safari hii mgongo ni wako." Akambeba mpaka Embu kila wiki, akisonya njia nzima. Sasa ukikaribia vile viatu jioni, anakupiga mwiko. Mimi mwenyewe nimepigwa.

Halafu kuna goti langu. Ulikuwa unasema linauma siku za kupalilia tu. Sasa nina shahidi! Dresa amelishika, likalia kama mlango mbovu. Anasema kati ya mifupa kuna kitu laini kama mto, na wangu umelika. Haurudi. Dawa ni maji ya moto, bakora, na kutembea polepole kila siku, kwa sababu mguu wa kukaa tu hukauka. Kuhusu jembe hakusema neno, na mimi sikumuuliza.

Vile viatu vya kulalia utaendelea kuvivaa mpaka dresa aseme basi, hata ukinitukana. Hiyo ni ahadi. Na nyingine hii hapa: siku Njeru atakapotokea getini, hakuna atakayekubeba kumpelekea. Nitakuachilia mkono, umwendee mwanao kwa miguu yako.

Pumzika, mama, na usinitafutie mwenzangu huko. Yule Igoki mwingine amenishika suruali, anataka twende tena kwenye kinu.

Mzee wako mwenye goti,
Nyaga