Pweza wa Bibi Chiku

Mboni, nimetoka kwa bibi Chiku, bado siamini.

Mwaka 1954, bibi, wakati huo bado binti, alichora kwa mkaa pweza mwenye kofia ya kizungu, kila mkono umeshika nazi. Ukutani kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, mtaa wa Raskazone!

DC akamwita mharibifu, akaamuru, "Kesho ukausugue ukuta mpaka uwe mweupe."

Jioni akaja mgeni wa Kizungu, akamsifu pweza kuwa sanaa adimu. DC akajibu, "Ndiyo maana tunaitunza."

Bibi hakuambiwa.

Asubuhi anasugua, askari akamkamata kwa kuharibu sanaa ya serikali.

Bibi akasema, "Lakini nimeichora mimi."

Askari akafikiri. "Basi, dada, una makosa mawili."

Mawili, Mboni. Na alifungwa kwa yote.