Sahani Usiyotaka Irudi

Salamabila

Mama yangu,

Pokea salamu zangu. Miguu yako inaendeleaje, na kifua? Nakuuliza kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe umechoka. Karatasi haikohoi, mama, unaweza kuishika. Ukiogopa, kaka aisome kwa sauti, nawe usikilize ukiwa mbali.

Gripi, homa hii ya mafua, bado inatumaliza hapa machimboni. Nikikohoa sokoni, wateja wanaacha mihogo yangu na kuondoka. Mume wangu amelala, nguvu hana. Ndiyo maana nilimleta binti yangu Zaina kwako, huko Wamaza. Nilisema, huyu ni somo yako, amebeba jina lako, hutamkataa.

Vijana wa kijiji walitusimamisha kwenye kizuizi kabla hatujashuka kwenye pikipiki. Ulikuja, ukasimama mbali, ukafunika mdomo kwa kitenge. Ukasema, "Riziki, rudisha mutoto. Huku iko watoto wengine." Najua ulichowaza. Ulitukuza na habari za gripi ya zamani, ile waliyorudi nayo wapagazi kutoka vita ya Wazungu. Nyumba iliyofungua mlango iliisha yote, na bibi yako alipona kwa sababu baba yake hakumfungulia hata ndugu yake. Tulikuwa tunasikiliza tukila karanga. Sikuwahi kumfikiria yule ndugu aliyebaki nje. Sasa namfikiria kila siku.

Ulitusogezea sahani ya bugali na mboga ya sombe kwa fimbo. Zaina akala kidogo, akaniuliza habari za bibi yake, "Mama, juu ya nini Koko anakatala kunishika?" Nikakuuliza nitairudishaje sahani, maana kwetu sahani ya mama hairudi tupu. Ukasema, "Usirudishe."

Mama, Zaina amekufa. Alikufa mchana, mapajani mwangu, tulipokwisha kurudi huku. Majirani hawakuja kulia nasi. Nilimwosha peke yangu, na baba yake akachimba kaburi huku akikaa chini kupumzika. Nakukasirikia, halafu nakuonea huruma, halafu nakukasirikia tena. Sina tumaini lililobaki.

Msalimie kaka, na mjomba wa cherehani. Msalimie wifi yangu, watoto wake wawe wazima, maana ni kwa ajili yao mlitufungia njia. Mwambie simchukii.

Sahani sikuirudisha, kama ulivyosema. Nimeiweka juu ya kaburi la somo yako.

Mimi binti yako,
Riziki