Zizi Lililombana Mtamba

Shambani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje tangu ubadilishiwe dawa? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Usinifiche kitu kuhusu afya yako, maana una tabia ya kusema hujambo hata ukiwa umelazwa. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakua na kumaliza viatu. Mimi mgongo unaniuma kidogo, lakini sababu yake utaikuta humu humu.

Nakuandikia kukushukuru na kuungama. Naanza na kuungama, kwa sababu wifi yako ameapa kwamba nisipokueleza mimi atakueleza yeye, na unamjua, hataacha hata kipande.

Unakumbuka hali ya Mama tulipotoka kumzika Baba. Tangu hapo hakuondoka kitandani ila kwa kushikwa mkono. Uji alikuwa anaonja vijiko viwili kisha anasukuma bakuli. Daktari akashauri maziwa, na ya dukani Mama akayakataa kwamba yananuka boksi. Ndipo ukatutumia yule mtamba mwenye mimba, ili Mama apate maziwa ya hapa hapa nyumbani. Siku aliposhushwa kwenye gari nilishika kamba tu, nimetoa macho, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

Pamoja naye ukatuma barua ya maelekezo. Uliniambia nisichomeke hata kigingi kimoja kabla mvua haijanyesha nikaona maji yanapita wapi. Ukaniambia pia nimwachie mtamba nafasi ya kujigeuza. Dada, barua ile niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Nilijiambia mtu aliyepima watu miaka ishirini na saba hafundishwi vipimo.

Basi nikafanya kama nilivyozoea kule kwenye cherehani. Nilitandika karatasi ya kaki mezani, nikachora shamba zima kwa chaki: kuku hapa, mbuzi pale, ng'ombe katikati, njia ya kupitisha majani, yote yamenyooka kama mshono wa suruali. Kisha nikaenda kuwapima wateja wangu mmoja mmoja. Beberu alitafuna futi kuanzia inchi ya arobaini na tano, ndiyo maana siku hizi sipokei wateja wanene. Mtamba alisimama kwa adabu zake, nikampima kifua, urefu na mapaja, nikaongeza inchi nne za kupumulia. Ilikuwa mimba changa, na mimi, niliyeshona magauni ya waja wazito nisiyokumbuka idadi yake, sikuwaza kwamba tumbo lile litakuja kukua.

Seremala tunayemwita Msumari alipoona kwenye karatasi kile chumba cha ng'ombe alijikuna kichwa.

"Fundi, huyu akiingia atageukaje?"

"Atatoka kinyumenyume," nikamjibu. "Kitu kikipwaya hakipendezi."

Akapigilia mbao hivyo hivyo, nami nikasimama nyuma yake nikikagua kila pembe. Zizi lilipokwisha niliita watu waje kuliona, na wakalisifia, sikudanganyi.

Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, mchana, uchungu ukamshika mtamba. Akalala chini humo humo ndani, makalio yameegemea mlango wa nyuma unaofungukia ndani, na akashindwa kuinuka. Kwato mbili za ndama zilichungulia, zikakwama kwenye mbao. Wifi yako alinipigia kelele nikatoka mbio na sindano mdomoni. Bwana mifugo alifika na baiskeli yake, akainama, akajaribu kupenyeza mkono, akashindwa hata kupata pa kuweka goti.

"Nani kajenga hiki kisanduku?" akauliza.

Watu wote wakaniangalia mimi.

"Bomoa," akasema. "Sasa hivi, la sivyo utawapoteza wote wawili."

Nilimwona mtamba wako anavyohema, ulimi nje, nikamkumbuka Mama na bakuli lake la uji. Nilichukua mtaimbo nikaanza kung'oa ule ukuta niliojivunia, ubao mmoja baada ya mwingine, nikilia waziwazi bila kumwonea mtu haya. Hapo ndipo mgongo ulipoteguka.

Katikati ya kishindo kile nikasikia sauti nyuma yangu: "Mnamtisha. Nipisheni." Nikageuka. Ni Mama! Amesimama mwenyewe, kanga kichwani, mkono mmoja kwenye nguzo. Hakuna aliyemwita wala aliyemshika. Alijikokota mpaka mbele, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakiweka kichwa cha mtamba mapajani na kuanza kumwongelesha taratibu. Ubao wa mwisho ulipotoka, bwana mifugo akapata nafasi ya kuvuta. Ndama akatoka mzima. Ni jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na mikogo tele.

Kesho yake mvua ikanyesha, nami nikatoa barua yako mfukoni. Tulikaa barazani na Mama tukiangalia maji. Yalipita katikati kabisa ya pale nilipochora banda la mbuzi! Mama alicheka mpaka akakohoa. Mara ya mwisho kumsikia akicheka, Baba alikuwa hai. Kuanzia hapo mpangaji ni yeye, mimi nashika vigingi tu. Ng'ombe tumempandisha kule juu penye mwinuko, nafasi ya kujigeuza ipo na ya ndama wake ipo. Mbuzi tumewaweka upande ambao upepo hauleti harufu jikoni. Kuku bado tunabishana. Karatasi yangu ya kaki wifi yako amefungia vitunguu.

Siku za mwanzo tulimwachia ndama anyonye ashibe. Jumatano iliyopita tukakamua kikombe cha kwanza cha Mama. Alikinusa, akanywa chote, akatunyooshea kikombe tuongeze. Wifi yako alitoka nje kufuta machozi, mimi nikabaki ndani nikajifanya natafuta uzi.

Dada, sijui nikushukuru vipi. Ulitoa kitu chako bila kuombwa, ukatoa na akili yako pia, mimi nikapokea kimoja nikakidharau cha pili. Nisamehe. Nakushukuru kwa mtamba, kwa ndama, kwa barua, na kwa kutonicheka, ingawa hilo la mwisho najua naliomba kabla ya wakati.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, hasa yule wa mwisho anayeogopa kuku. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao. Mungu alibariki goti lako, na mikono yako isikaukiwe baraka popote ulipo.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake, nikuambie kwamba amepona? Alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, anaelekea zizini peke yake kama anavyofanya sasa kila asubuhi. Akasema, "Mwambie binti yangu sina nafasi ya kulala, nina kazi."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Fundi.