Sauti Iliyoniita Juu ya Kilima

Yaya Régine, dada yangu mukubwa,

Jambo kwako na kwa bote ba nyumba kule mbali Kilwa, pembeni ya ziwa. Hapa Lubumbashi mvua imeanza. Jana Mama Clarisse, mwenye ninalala kwake, alinipandisha kwa kilima kimoja pembeni ya muji. Kule juu, upande mumoja muntu anaona mabati ya nyumba za mutaa wa Kenya, upande mwingine iko pori tupu. Saa sita tulikuwa tunakula muhogo na kalanga, ukungu ukafunika lile pori. Ndani yake sauti ya Mama yetu ikaniita: "Kafupi." Jina lile banalijua bantu ba nyumba yetu tu. Nilitaka kuitika, lakini Mama Clarisse akanifunga kinywa na mukono.

"Hata mimi nimesikia," akasema. "Usiitike, mwenye kuitika harudi. Tushuke."

Tulipofika chini nilipiga simu. Wewe ulikuwa kwa soko, Mama mwenyewe akapokea. Iko muzima, Mungu asifiwe. Kisha akaniuliza pole pole: "Nilikuita saa sita, sababu gani ulinyamaza?"

Nilikata simu. Yaya, ulale naye chumba kimoja mpaka nirudi, na usimuache aniite tena. Ninakupenda sana.

Mudogo wako,
Kafupi